Barua Ikifika Mpakani

Mwishoni mwa mwaka 1871, mfuko wa barua uliingia Ujiji ukiwa umeandikwa kwa nje jina la Dkt. Livingstone na tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umefungwa Zanzibar mwaka mzima nyuma. Aliyeubeba aliitwa Kaif-Halek. Kwa maelezo ya Henry Morton Stanley, msafara wa Kaif-Halek ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuiacha pwani. Ulipofika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora na viunga vyake, vita kati ya Waarabu wa pale na Mtemi Mirambo vikaifunga njia ya Ujiji. Mfuko ukalala. Stanley mwenyewe alikuwa amekwama hapohapo. Alipoondoka alimchukua Kaif-Halek na mfuko wake, wakazunguka kusini kupitia Ukonongo, na ndipo barua zikamfikia mwenyewe.

Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndilo alilokaa Livingstone hadi Agosti 1872 akingoja watu na mizigo kutoka pwani. Leo ni makumbusho, na mgeni anayefika pale huelezwa habari za wale Wazungu wawili. Mimi mawazo yangu humwendea Kaif-Halek. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye miguu na nguvu, mwenye mzigo halali wenye jina la mpokeaji, na njia mbele yake ilikuwa imekanyagwa na misafara kwa miongo mingi. Barua haikukosa njia, wala haikukosa mchukuzi. Ilikwama kwenye maungio, pale ambapo himaya ya mmoja inakoma na ya mwingine inaanza.

Maungio ya aina hiyo yalikuwa mengi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kila mtemi alidai hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Hata fedha zilibadilika. Shanga nyeusi zilinunua chakula Ugogo, lakini ukivuka Ugogo hazikuwa na thamani kwa mtu yeyote. Shanga nyekundu za samesame zilipendwa huku, nyeupe zikatakiwa kule, na kiongozi wa msafara aliyekosea kukadiria aliweza kufa njaa akiwa amebeba mali. Ndiyo maana mtu wa thamani kubwa katika msafara alikuwa yule aliyejua sehemu inayofuata inataka nini. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa elimu hiyo, na kwa elimu hiyo waliishika biashara ya bara kabla Mzungu yeyote hajachora ramani ya Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa zamani. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Sitaki msomaji adhani naisifu. Nasema tu kwamba ilijengwa na watu waliojua kuvuka maungio.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu barua pepe nayo ilipitia enzi yake ya shanga na hongo, na enzi hiyo tumeisahau upesi mno. Kijana wa Tabora leo akifungua simu yake, anaandika anwani yenye alama ya @, anabonyeza, na ujumbe unafika Muscat au Toronto kabla hajaweka simu mfukoni. Hamuulizi mpokeaji anatumia kampuni gani. Anadhani hivyo ndivyo mambo yalivyozaliwa. La hasha. Uwezo wa mtu wa kampuni moja kumwandikia mtu wa kampuni nyingine bila kuomba ruhusa kwa yeyote ulipiganiwa kwa takriban miaka ishirini, na Afrika Mashariki ilikuwa na wapiganaji wake.

Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Hadithi nyingi huishia hapo. Lakini miaka iliyofuata ilizaa mitandao mingine kadhaa, kila mmoja ukiwa na desturi zake. Vyuo vikuu vya Marekani vilianzisha BITNET mwaka 1981 kwa mashine kubwa za IBM. Waliotumia mfumo wa Unix walikuwa na UUCP, ambamo mwandishi alipaswa kuitaja njia nzima, kituo baada ya kituo, akitenganisha majina kwa alama ya mshangao. Waingereza walikuwa na JANET. Mashirika ya simu na serikali za Ulaya yalitaka X.400, ambayo anwani yake ilijaza mstari mzima kwa herufi za nchi, mtoa huduma, taasisi na ukoo wa mtu. Na mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco akabuni FidoNet, mtandao wa watu binafsi wenye kompyuta ndogo na modemu mezani, wasiokuwa na bajeti ya chuo wala ya jeshi.

Mitandao hii haikuelewana hata kwa mambo madogo. Waingereza waliandika anwani zao kinyumenyume, nchi kwanza na mashine mwisho, wakati wengine walianza na mashine wakamaliza na nchi. Idara za kompyuta za vyuo vikuu zilikuwa na kawaida ya kujiita kwa herufi mbili, cs, na herufi hizohizo ndizo zilizokuwa za nchi ya Czechoslovakia. Ikawa anwani ya idara ya kompyuta ya London ikisomwa kutoka upande usio wake huonekana kama anwani ya Prague. Mashine za IBM ziliandika herufi kwa msimbo wao, tofauti na msimbo wa ASCII uliotumiwa na wengine, kwa hiyo alama kama mabano ya mraba ziliingia mpakani zikiwa hivi na kutoka zikiwa vile. FidoNet iliruhusu jina la mpokeaji lisizidi herufi 35, na mwenye jina refu alikatwa. Malango mawili, yaani kompyuta za kupitisha barua kati ya mtandao na mtandao, yakipangwa vibaya yaliweza kurushiana barua ileile usiku kucha, kila moja likiamini kuwa jirani ndiye mwenye kuipeleka mbele.

Walioleta nafuu ni watu waliokubali kukaa mpakani. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Eric Allman aliandika programu iliyokuja kuitwa sendmail, kwa sababu chuoni kwake mitandao mitatu iliishi pamoja bila kuzungumza. Programu ile haikujaribu kuifuta mitandao iliyokuwepo. Ilisoma anwani iliyoandikwa kwa desturi ya mmoja, ikaiandika upya kwa desturi ya mwingine, ikapitisha barua. Wajuzi waliilalamikia kwa miaka mingi kuwa kanuni zake ni ngumu kusomeka, na ni kweli. Ugumu ule ulikuwa wa ulimwengu wenyewe, nayo iliubeba ili mwandishi wa barua asiubebe.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo hadithi inaponigusa.

Tanzania iliingia katika habari hizi ikiwa imejifungia. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na hata masharti yalipokuja kulegezwa, kompyuta ilibaki kuwa kitu cha ofisi chache za Dar es Salaam. Simu za masafa zilikuwa ghali na za kukatikakatika. Katika hali hiyo, mitandao mikubwa ya vyuo vya Ulaya na Marekani, iliyohitaji waya wa kukodi uliofunguliwa saa zote, haikuwa na maana kwetu. Kilichotufaa kilikuwa FidoNet, mtandao ambao wakubwa wa fani waliuona ni mchezo wa watu wa majumbani.

FidoNet ilikuwa na sifa iliyoendana na hali yetu. Haikuhitaji simu iwe wazi muda wote. Kompyuta ilizikusanya barua mchana kutwa, ikazibana ziwe ndogo, na usiku, gharama zinaposhuka na waya unapotulia, modemu ikapiga simu, ikamwaga mzigo, ikapokea mwingine, ikakata. Simu ikikatika katikati, kazi iliendelea kutoka ilipoishia. Ramani yake iliigawa dunia katika kanda sita, na Afrika ilikuwa kanda ya 5.

Mapema katika miaka ya 1990, kwa msaada wa IDRC, shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa katika mradi ulioitwa ESANET. Nairobi, katika ofisi za asasi ya mazingira ya ELCI, kulikuwa na kituo cha NGONET kilichohudumia asasi za kiraia. Addis Ababa, katika Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, kulikuwa na kituo cha PADIS. Na London kulikuwa na GreenNet, ambako Karen Banks na Mike Jensen waliendesha lango lililoitwa GnFido. Lango lile lilikuwa na uso wa FidoNet upande mmoja na uso wa intaneti upande wa pili. Mara nyingi ni London iliyopiga simu kuja Afrika, maana kupiga kutoka kule kulikuwa rahisi kuliko kupiga kutoka huku. Kusini zaidi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rhodes walikuwa wamekwisha kufanya jambo la namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, wakipokea na kutuma barua kupitia mashine iliyokuwa nyumbani kwa Randy Bush, Portland, Oregon.

Mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kumwandikia profesa wa Marekani kupitia FidoNet hakuweza kuiandika anwani yenye @ mahali pa anwani. Mfumo wake haukuijua alama hiyo kabisa. Ulijua jina la mtu na namba za kituo. Kwa hiyo aliielekeza barua kwa mpokeaji wa kubuni aliyeitwa UUCP, katika namba ya kituo cha lango, na kisha, kwenye mstari wa kwanza kabisa wa barua yenyewe, akaandika neno la Kiingereza la “kwa”, nukta mbili, na anwani halisi. Lango lilipoipokea barua liliufungua mstari ule, likausoma, likaufuta, likaandika bahasha mpya. Ukisahau nukta mbili, barua haikwenda popote. Kwa upande wa kurudi, profesa aliandika jina la mpokeaji wa Dar es Salaam likiwa na nukta mahali pa nafasi, likifuatwa na namba za kituo, za wilaya ya mtandao na za kanda, kisha jina la fidonet.org. Watu walizibandika anwani hizo ukutani wasizisahau.

Madaktari walikuwa na lango lao, na hilo lilikuwa angani. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Dkt. Bernard Lown wa Boston, lilitumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Ya kwanza ilirushwa Januari 1990, na ya pili, HealthSat-2, Septemba 1993. Zilizunguka umbali wa kilomita karibu 800 juu ya ardhi, zikipita kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Zilipopita juu ya kituo chenye antena, daktari alikuwa na dakika zisizozidi 15 za kupandisha barua zake na kushusha za kwake. Setilaiti ikazibeba barua tumboni, ikaendelea na safari, ikazishusha ilipofika juu ya kituo kingine. Mtandao huo, HealthNet, ulizifikia nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na baadaye sehemu kubwa ya kazi yake ikahamia kwenye simu na FidoNet. Kwa daktari ambaye jarida la tiba lilimfikia kwa meli likiwa limechelewa miezi, hii ilikuwa nafasi ya kuuliza swali wiki hii na kujibiwa wiki hii.

Kuna bahati moja ambayo sijaona ikitajwa. Kifaransa kilipopita katika malango yale kilivuliwa alama zake za juu ya herufi. Kiarabu na Kiamhara havikuweza kupita kwa maandishi yao, mpaka kanuni za MIME za mwaka 1992, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed, zilipoanza kuenea. Kiswahili kilipita kizima. Kila herufi yetu, hata ritifaa ya ng’ombe ikiandikwa kwa alama ya kawaida, imo katika msimbo finyu wa ASCII. Mswahili wa Dar es Salaam na Mswahili wa London waliandikiana kwa lugha yao tangu siku ya kwanza bila kubadili kitu. Na papo hapo nakumbuka kwamba Waswahili wa misafara, waliokuwa wakipeleka habari kati ya Tabora na pwani, waliandika kwa herufi za Kiarabu. Barua zao zisingepita. Maandishi yaliyopata njia katika karne moja yangefungiwa mlango katika nyingine, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Na Tabora? Reli ilifika mwaka 1912, ikaingia Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, kwa hiyo mji ulibaki njiapanda kama ulivyokuwa zama za misafara. Lakini kompyuta zenye modemu zilisimama Dar es Salaam. Kwa mwalimu au mganga wa Tabora wa mwaka 1992, barua ya haraka ilikuwa simu ya maandishi ya Posta, au redio koli ya ofisi na misheni, au bahasha aliyokabidhiwa msafiri wa treni. Akitaka kuutumia ulimwengu ule mpya, karatasi yake ilipaswa kwanza kupanda treni, ikasafiri hadi pwani, ikamfikia mtu mwenye kompyuta, mtu huyo akaipiga chapa upya, ndipo usiku modemu ikalia. Treni, mikono, vidole, waya, lango, waya tena. Mtu anayesema kwamba teknolojia ilifuta umbali aihesabu kwanza mikono hiyo.

Mwezi Oktoba 1873 mikono ya namna hiyo ilipitisha Tabora habari iliyokuja kushtua dunia. Livingstone alikuwa amefariki kwa Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, na watu wake walikuwa wakiubeba mwili wake kuelekea pwani. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, aliandika barua kwa Kiingereza akimlenga mwana wa Livingstone, aliyedhaniwa kuwa yuko njiani. Chuma, mmoja wa watu hao wa Livingstone, akatangulia nayo mbio hadi Unyanyembe. Mwana huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, na barua ikafunguliwa na yeye, ikaeleweka, ikapelekwa mbele. Mwandishi hakumjua msomaji, mchukuzi hakuwa na hakika ya mpokeaji, na bado ujumbe ulifika, kwa sababu kila aliyeupokea alikubali kuubeba ingawa haukuwa wake.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1874, wajumbe wa nchi 22 waliokuwa wamekutana Bern, Uswisi, walianzisha umoja wa posta ambao leo unaitwa Umoja wa Posta Duniani. Kabla ya hapo barua ya kimataifa ilihitaji mapatano kati ya nchi na nchi, na gharama juu ya gharama. Bern ilikubaliana kwamba barua iliyolipiwa nyumbani kwake itabebwa na posta za wengine hadi mwisho wa safari. Watu wa malango ya barua pepe walifanya jambo lilelile bila mkataba wa mabalozi. Mtu wa Nairobi aliibeba barua ya Kampala, London ikaibeba ya Dar es Salaam, Oregon ikaibeba ya Afrika Kusini, na mara nyingi aliyebeba ndiye aliyelipia simu.

Nakubali kwamba malango yale yalikuwa na kasoro, na nyingine zilikuwa nzito. Aliyeliendesha lango aliweza kuisoma kila barua iliyopita. Kwa asasi za haki za binadamu za Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, hilo lilikuwa jambo la hatari ya kweli. Barua zilipotea bila taarifa. Lango likitegemea mtu mmoja, akiugua mtu huyo nchi nzima inanyamaza. Kenya ilipopata jina lake la intaneti, .ke, mwaka 1993, na Uganda na Tanzania zikapata .ug na .tz mwaka 1995, watu walifurahi kuachana na namba za FidoNet, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Ila kuna watu waliochukua fundisho kinyume. Wanasema: mnaona, mitandao mingi ni taabu, ule mmoja ulipowashinda wengine shida ikaisha, basi na sisi kila mahali tuchague mfumo mmoja, tuwalazimishe wote waingie humo. Napinga, tena kwa nguvu. Intaneti haikushinda kwa kuwafanya wote watumie programu moja ya barua. Ilishinda kwa kukubaliana juu ya bahasha tu: anwani inaandikwaje, mashine moja inaikabidhi vipi nyingine, kosa linarudishwaje kwa mtumaji. Ndani ya nyumba yake kila mmoja anaendelea na desturi zake hadi leo. Chuo kinatumia programu yake, benki yake, mtu binafsi ya kwake, na barua zinapita.

Tanzania inalijua jambo hili kutoka mfukoni. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na wengine wakafuata na huduma zao, pesa zilikuwa zimefungiwa kila mtandao peke yake. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nayo kwa wakala kutoa taslimu. Pesa haikuingia kwenye simu yake. Watu walitembea na laini tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana kuunganisha, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kulifanikisha hilo kwa mapatano ya kampuni zenyewe. Hakuna kampuni iliyoacha mfumo wake. Walikubaliana juu ya makabidhiano, na mama muuza asali wa Sikonge akaacha kuwauliza wateja wake wana laini gani. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa TIPS ili benki na simu zikutane mahali pamoja.

Kama tumeweza kwa pesa, kwa nini tunarudi nyuma kwa mengine? Mazungumzo yetu ya kila siku tumeyahamishia kwenye programu za simu ambazo hazikubali barua ya jirani. Mwenye WhatsApp hamwandikii mwenye Telegram. Vikundi vya wazazi, vya misiba, vya vicoba, vya wakulima wa tumbaku wa Urambo, vyote vinaishi ndani ya ukuta wa kampuni moja ya California, na siku kampuni hiyo ikibadili masharti, hakuna lango la kutokea. Umoja wa Ulaya umeliona. Sheria yake ya masoko ya kidijitali, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, inaidai WhatsApp ifungue njia kwa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Umoja wa Ulaya una soko kubwa la kuwafanya wenye kampuni wasikilize. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina watu zaidi ya milioni mia tatu, na sijaona kwa nini isidai hivyohivyo kwa sauti moja.

Kwenye afya jambo ni zito zaidi. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka wilayani kwenda hospitali ya mkoa, na kutoka hapo kwenda Bugando au Muhimbili, mara nyingi bado hubeba habari zake mkononi, katika karatasi na bahasha za picha. Kompyuta zipo pande zote. Hospitali zimenunua mifumo kwa nyakati tofauti, kutoka kwa wafadhili tofauti na kampuni tofauti, na kila mfumo ni mzuri ndani ya geti lake. Mgonjwa ndiye amekuwa lango, na hakuomba kazi hiyo. Tiba iliyopendekezwa na baadhi ya watu, kwamba hospitali zote zitupe zilichonacho na kuanza upya na mfumo mmoja wa taifa, itachukua miaka na itazaa ukiritimba wa mtoa huduma mmoja. Allman hakuwaambia watu wa Berkeley watupe mitandao yao.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeshaipa mamlaka husika nguvu ya kuweka viwango vya mifumo ya umma. Naomba nguvu hiyo itumike mapema, kwenye meza ya zabuni, kabla fedha hazijatoka. Hospitali, halmashauri au chuo kikinunua mfumo, mkataba utaje kwa maandishi kwamba mfumo utatoa kumbukumbu kwa umbo lililo wazi, utapokea kumbukumbu kutoka mfumo mwingine kwa umbo hilohilo, na utarudisha taarifa kwa mtumaji pale upokeaji unaposhindikana. Muuzaji aonyeshe jambo hilo likifanyika, mfumo wake ukikabidhiana jalada la majaribio na mfumo wa mshindani wake, mbele ya wanunuzi. Asiyeweza asilipwe. Na ndani ya kila mkoa kuwe na watu wawili au watatu walioajiriwa kwa kazi hiyo moja, kuyatunza makabidhiano kati ya mifumo, wenye cheo, mshahara na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Wapo pia watu ambao bado tunaweza kuwauliza. Waliowasha modemu za kwanza Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wengi wao wangali hai, wengine wakiwa wamestaafu juzi tu. Daftari zao za anwani, karatasi zao za makosa yaliyochapwa usiku na barua walizopitisha bila kuzisoma ni historia ya nchi hizi sawa na shajara za Kwihara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tume ya Sayansi na Teknolojia zina wanafunzi na vinasa sauti. Kazi hiyo inaweza kuanza Jumatatu.